Vidole vya Dobi

Mashine ilivikataa vidole vyake vyote kumi. Karani wa viza alimwambia afute mikono, abonyeze tena, abonyeze kwa nguvu, na kile kioo kidogo chenye mwanga wa kijani kikakaa kimya kama hakijaguswa na mtu. Mwishowe karani akamgeuza viganja, akamuuliza anafanya kazi gani. Dobi, akajibu. Shuka za hoteli, miaka kumi na mmoja. Karani akaguna. Sabuni na dawa za madoa zimezilamba alama zote, akasema. Akampa wiki mbili asiguse hata povu la kuoshea kikombe, ngozi ijirudie. Akishindwa tena atabaki na nafasi moja tu, kisha faili linafungwa.

Safari yenyewe haikuwa yake peke yake. Dada yake mkubwa alikuwa ng'ambo mwaka wa tisa, akimtunza bibi kizee asiyeweza kuinuka kitandani. Watoto wa yule bibi walikubali kumwachia arudi kwao kwa sharti moja: mdogo wake aje kushika nafasi. Bila vidole hivi, mmoja haendi na mwingine harudi.

Basi dobi akakaa nyumbani, akizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sasa mama yake ndiye aliyefua, na yeye alisimama mlangoni kumwelekeza: kola kwanza, mama, kola. Mama akamjibu kwamba alianza kufua kabla yeye hajazaliwa, na aliyemzidishia kazi hiyo ni yeye. Majirani wakampachika jina la Bi Harusi, maana hagusi kitu. Alicheka nao, lakini roho ilikuwa juu juu. Kila asubuhi aliinua vidole dirishani kutazama kama mistari imerudi.

Ilirudi. Siku moja kabla ya miadi akatoa gauni la safari, akaona doa kwenye kola, dogo kama punje ya mchele. Akalikunja gauni. Akalikunjua. Dobi asafiri na doa? Akadondosha tone la dawa, akasugua kwa kidole gumba mpaka likatoka, na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili akajisikia mzima.

Kesho yake mashine ikapokea vidole tisa. Gumba la kulia likagoma.

"Umefua," karani akasema.

"Doa moja tu. Lilikuwa kwenye kola. Ningevaaje?"

Karani akabana midomo asicheke. Gumba ni lazima, akamweleza. Wiki moja, na hiyo ndiyo ya mwisho.

Jioni akampigia dada yake na kumsimulia yote, hata doa.

"Nimeshamuaga bibi," dada akasema. "Analia tangu jana."

"Wiki moja tu, dada."

"Na hilo gauni litakaa safi wiki nzima?"

Wakacheka wote wawili. Dada ndiye aliyeacha kwanza. "Mdogo wangu, mimi nimechoka."

Dobi hakulala vizuri. Kulipokucha akamletea mama vitambaa viwili, akamwomba amfunge mikono, fundo kwenye kifundo cha mkono, kama mtoto mchanga anayejikwaruza.

"Na kula?"

"Utanilisha."

"Nilishakulisha," mama akasema huku akifunga. "Ulikuwa unatema."

Siku ya tatu mama alikuwa amekwenda sokoni upepo ulipogeuka na matone ya kwanza yakapiga bati. Uani kamba ilikuwa imejaa nguo. Dobi akaita jirani, hakuitikiwa. Akatoka mbio, akasimama mbele ya kamba. Akaificha mikono nyuma ya mgongo, akanyoosha shingo, akaanza kung'oa vibanio kwa meno, kimoja baada ya kingine, shuka zikimwangukia mabegani.