Kibao cha Avenue Mitwaba

Mukuka alipokuwa hai, kila mwezi wa sita, kabla ya sikukuu ya uhuru, komine, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, ilimpa kopo la rangi nyeusi, naye alizunguka mtaa wa Hewa Bora akiandika upya majina ya barabara. M yake ilikuwa na mkia uliopita chini ya herufi zote. Mke wake, Ngalula, alimcheka kila mwaka: "Hiyo M yako inaburuza kikwembe."

Kisha serikali ikapunguza pesa inazorudishia komine. Kopo la mwisho lilitoka miaka mitatu iliyopita. Mukuka akaandika kibao cha kona yao, Avenue Mitwaba, na mvua zilipoanza akafa.

Sasa jua lilikuwa limekula herufi. Dédé, chef wa avenue, msimamizi wa barabara yao, akaja kumwambia Ngalula kwamba kampuni ya bia imejitolea kuweka kibao kipya Jumatatu, chenye picha ya chupa.

"Mama, taxi zinapotea. Hata gari ya maiti ilipita hapa mara mbili."

"Na hiki kikisomeka?"

"Kikisomeka tutakiacha. Shiye tunatafuta jina tu."

Ngalula akaenda komine kuomba rangi. Katongo, karani aliyefanya kazi na Mukuka, akafungua stoo, akapindua kopo. Halikudondoka hata tone.

"Rétrocession, ile pesa ya serikali, inakuya kidogo-kidogo, mama. Bafagiaji ba soko balirudia kwabo. Bendera yetu, mi mwenyewe ndiye naishona na sindano."

Lakini alimtolea burashi ya Mukuka, imekauka kama ukuni. Ngalula akainusa. Mafuta ya taa. Ndivyo mikono ya Mukuka ilivyonukia.

Akailoweka usiku kucha. Jumapili asubuhi akasaga makaa, akachanganya na uji mzito wa muhogo, akapanda juu ya kiti pale kona. Rangi ilikuwa imefifia, ila alama zake bado zilihisika kwenye chuma. Akazifuata kwa kidole kwanza, kisha kwa burashi. Alipofika kwenye mkia wa M, kidole kikakuta mawimbi madogo. Mkono wa Mukuka ulikuwa umetetemeka. Alikuwa mgonjwa tayari siku ile, na hakusema neno.

Ngalula hakuunyoosha mstari. Alitetemesha burashi pale alipotetemeka Mukuka.

Dédé, akitoka misa, akasimama, akamshikia kiti.

"Kinasomeka," akasema. "Lakini mvua ya mwezi wa kumi itakifuta, mama."

"Basi hii burashi inabaki kwangu," akasema Ngalula, akaichovya tena.