Sifuri ya Jerop

Mwalimu Jeconia hakuwa na mchezo na hesabu, na hapo Turbo kila mzazi alijua. Serikali imekataza viboko, sawa, lakini kwenye mkutano wazazi wenyewe walimwambia, "Mwalimu, wewe chapa tu." Basi akachapa. Jibu lisilofanana na lake ubaoni, mpira wa maji mara nne kiganjani.

Siku hiyo swali lilikuwa −5 ≤ 1 − 2x < 7. Kwenye mstari wa namba Jeconia alichora mishale miwili inayokimbiana, mmoja kushoto kutoka −3, mwingine kulia kutoka 3. Wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wametia kivuli katikati. Aliwatandika wote, mpaka Kipkemboi, jitu zima la Form Three lenye ndevu, akalia mbele ya wasichana.

Wa kumi na mbili alikuwa Jerop. Huyo alikataa kunyoosha mkono.

"Mwalimu, weka sifuri mahali pa x," akasema polepole. "Moja toa sifuri ni moja, na moja iko kati ya −5 na 7. Lakini kwa mchoro wako sifuri imebaki nje."

Jeconia akaangalia ubao. Alikuwa amegawanya kwa −2 akasahau kugeuza alama. Jibu lilikuwa katikati, −3 < x ≤ 3, vile watoto walivyosema. Angesema "nimekosea" yangeisha hapo. Lakini miaka kumi na sita hajawahi kulitamka hilo darasani, na aliogopa, tena sana, kwamba akilitamka leo hakuna atakayemheshimu tena.

"Lete mkono."

Akaukamata mwenyewe, akaulaza juu ya dawati, akapiga. Akapiga tena, akijua. Kiboko cha tano kilitua kwenye kifundo na darasa zima likasikia mfupa ukivunjika. Jerop akateleza chini, mkono umepinda vibaya, akitapika.

"Futa hilo jibu," Jeconia akasema akihema.

Kipkemboi akainuka, viganja vimevimba.

"Mwalimu, hiyo sifuri hata mimi nimeijaribu," akasema kwa upole. "Nikajaribu moja, nikajaribu mbili. Zote zinaingia. Sasa sisi tulipigiwa nini?"

Jeconia akafungua mdomo. Sasa alitaka kukiri, haki ya Mungu alitaka, lakini wavulana walikuwa wameshasimama, na Brenda, aliyekaa karibu na mlango, alikuwa ameshaufunga kwa ndani.