Nywele za Kitalu cha Juu

Msusi alikuwa anapeleka kikombe cha chai mdomoni alipoona unywele mrefu umejikunja ndani yake. Akauvuta kwa vidole viwili. Ulinuka kichwa kisichooshwa. Wifi yake, aliyeketi naye kwenye benchi la wageni, akaacha kutafuna.

"Si wangu," alisema.

"Najua. Zako fupi."

Walikuwa wamepanda mlimani kutembelea bustani ya miti ya asili na kutafuta miche ya kupanda nyumbani, maana wifi alichoshwa na maua ya kigeni yanayodai maji kila jioni kama watoto. Mwongozaji wa wageni akawatuliza. Miche ya kitalu cha juu ilikuwa inaota nywele badala ya majani tangu mvua zilizopita, na upepo ukivuma zilishuka mpaka mabenchini.

"Funikeni vikombe tu," alisema.

Msusi akauliza kitalu hicho kiko wapi. Mwongozaji akaonyesha mgongo wa mlima. Msusi alizaliwa pale, kabla watu hawajapakiwa kwenye malori ili msitu upumzike. Kitalu kilikuwa kimelimwa juu ya makaburi ya jamaa zao.

Wakapanda. Kila mche ulikuwa na nywele zake: za kipilipili, za mvi, nyingine laini kama za mtoto mchanga. Zilijaa mba. Chawa walitembea juu ya vibao vya majina ya kitaalamu. Wifi akaziba pua kwa mtandio. Karibu na uzio msusi akaona mche wenye kishungi cheupe upande wa kushoto, akapiga magoti.

"Wifi, huyu ni mama."

"Namwona," wifi alisema. "Shikamoo, mama."

Msimamizi wa bustani akaja, tumbo limemtangulia. Msusi akamweleza kuhusu makaburi, akaomba kitalu kihamishwe. Msimamizi akavuta unywele wa mvi kutoka katikati ya meno yake, akaupangusa kwenye suruali.

"Hapa hapajawahi kukaa mtu, dada. Soma kibao."

Kibao kilisema hivyo kweli, kwa herufi za kijani.

"Basi nipe mche huu mmoja."

"Huo ni wa mgeni rasmi atakayetutembelea. Utapandwa getini kwake." Kisha akamuuliza anafanya kazi gani, na aliposikia, uso ukamnawiri. Wageni walikuwa wanalalamika kwamba nywele zinawakwama kooni. Angeweza kuja kuzitengeneza?

Wifi akamvuta kando. "Usikubali. Mtu huyu hana haya wala soni."

"Nikikataa watazinyoa," msusi alisema.

Akawa anakuja kila asubuhi na chanuo, sabuni na mafuta. Alitoa chawa, akaosha, akasuka. Aliwajua wengi. Baba mdogo, aliyekuwa na upara, alikuwa kijiti kitupu. Maji ya povu, meusi kwa uchafu, yalishuka na mtaro mpaka kwenye tangi ambamo msimamizi alichota maji ya chai yake. Hakuna aliyemwambia. Alipofika kwa mama yake alisuka taratibu, na akivuta sana mche uliinama nyuma kidogo, kama mama alivyokuwa akifanya.

Mgeni rasmi alipokuja, alizipapasa zile nywele, halafu akajifuta mkono kwa leso.

"Nani kasuka vizuri hivi?"

"Hakuna, mheshimiwa," msimamizi alisema. "Ni mmea wa asili. Huota hivyo wenyewe."

Watu wakapiga makofi. Msusi alikuwa amesimama hapo hapo, vidole vinang'aa mafuta. Wifi akatema mate.

Vibarua wakang'oa mche, wakautia ndani ya gari, wakafunga mlango. Misuko ikabaki nje, inaburuta mavumbini. Msusi akalikimbilia gari, akamwomba dereva afungue, akaikung'uta misuko na kuilaza juu ya kiti.

"Safari njema, mama."

Aliporudi, msimamizi alikuwa anapenga kamasi ndani ya shimo lililobaki. Akalifukia kwa kiatu, akauliza safu inayofuata itakuwa tayari lini.