Meza ya Viazi Weldbridge

Siku ya posa kijana hafungui mdomo. Anayemsemea ni baba mdogo, na Kiptoo hapa Sydney hana baba mdogo mwingine ila mimi. Kwa hiyo Jumamosi tuliketi sebuleni kwa mzee Muriuki, baba yake Wangari, binti tuliyekuja kumposa, mtaa wa St Marys, wazee wa upande wao wakitukodolea macho kama tumeiba kitu.

Nyumba nzima wauguzi na wahasibu. Mimi niliacha shule darasa la sita, napakia makreti ghalani. Mzee Muriuki aliponiuliza, "Na wewe mkwe, kabla ya Sydney ulikuwa wapi?" ulimi ukanitangulia.

"Uingereza. Mji wa Weldbridge."

Nilikuwa nimesoma habari zake kwenye simu asubuhi ile, ndani ya treni kutoka kwangu Fairfield. Niliupenda kwa kuwa ni mji wa soko, nami nimekulia sokoni. Nikawaeleza: daraja la mawe lenye matao, mto mpana chini yake, mnara wa saa, soko la Jumatano ambalo mfalme wa zamani aliliruhusu. Wakaitikia kwa vichwa. Kiptoo akatunisha kifua. Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Nikaongeza kwamba nilikuwa na meza yangu ya viazi chini ya mnara.

"Kumbe!" Waceke, shangazi yake Wangari, alikuwa anatoka jikoni na sinia la chai. "Mimi nimefanya kazi ya uuguzi Weldbridge miaka mingi. Mto ukifurika, nyinyi watu wa soko mlikuwa mnahamia wapi?"

Simu haikusema lolote kuhusu mafuriko.

"Tulingoja maji yapungue."

"Mkiwa ndani yake?"

"Na viazi vinaelea!" mtu akadakia. Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mzee Muriuki hakucheka.

"Mkwe, leo kijana hasemi. Neno lako ndilo neno lake. Ukitudanganya kuhusu mto, tutakuamini vipi kuhusu yeye?"

Kiptoo alikuwa anatazama soksi zake. Nikasimama, masikio yakiwaka moto.

"Uingereza sijafika. Niliogopa mtaniona mjinga. Uongo ni wangu, si wake."

"Na yeye ni mtu gani?"

"Hajui kupika. Akiwa na njaa ana hasira. Mama yake alipougua, yeye ndiye aliyemwogesha kila siku. Hilo nimeliona kwa macho yangu."

Sauti ya Wangari ikatoka chumbani: "Hiyo ya kupika ni kweli kabisa!"

Mzee Muriuki akacheka mwishowe. "Kijana tumempokea. Ya Weldbridge utatulipa mbuzi."

Vigelegele vikapigwa. Waceke akaniletea kikombe, akainama ili wengine wasisikie. "Walikuwa wanahamia uwanja wa kanisa, kule juu. Siku nyingine niulize tu, shemeji."

Afadhali angenitukana. Ile chai sikuweza kuinywa.

Jioni Kiptoo alinifungulia mlango wa mbele wa gari, kiti cha mkubwa, kama anavyonifungulia siku zote.

"Asante, baba mdogo."

Nikaufunga, nikaenda kukaa nyuma.