Picha Ndogo ya Ukurasa wa Mbele

Mtu wa kwanza kukatwa siku ile alikuwa mwanamke mwenye ndoo. Alisimama pembeni kabisa mwa picha, nyuma ya Mkurugenzi aliyekuwa akifungua bomba jipya, na ndoo yake ilikuwa tupu. Fundi Picha alivuta mstari kutoka kulia. Mwanamke akabaki nusu. Akavuta tena kidogo, kikabaki kiwiko, kisha hakikubaki kitu. Akahifadhi, akafungua picha nyingine.

Jina hilo la Fundi Picha hakupewa kwa heshima. Hakuwahi kushika kamera maishani mwake. Halmashauri ilimweka kwa mkataba mfupi mfupi, unaokatika kabla hajauzoea, katika chumba kilichokuwa stoo ya mafaili. Dirisha lilizibwa na kabati, na feni ilizunguka kwa kulalamika. Kazi yake ilikuwa kupokea picha za shughuli za wakubwa na kuzipakia kwenye tovuti. Ndani ya mfumo wa tovuti mlikuwa na sehemu ya kuhariri yenye vitufe vichache: kata, zungusha, geuza, punguza. Mtoto wa shule angevijua vyote kabla chai haijapoa. Kazi yenyewe hasa ilikuwa kujua nani wa kukata.

Hilo halikuandikwa popote, ila ofisi nzima ililijua. Mwenye kandambili, nje. Mwenye shati lililochanika, nje. Anayepiga miayo Mkurugenzi akihutubia, nje, na jirani yake pia kama hakuna namna. Mkuu wa Habari, mama mmoja mpole wa sauti, mwenye miwani ya kamba shingoni, aliita kazi hiyo kusafisha.

"Isafishe, mdogo wangu," angesema kwenye simu. "Unajua mwenyewe."

Naye alijua. Alikuwa amejifunza kukata bila kutazama. Macho yake yalikaa katikati ya picha, penye suti na utepe. Pembeni yaliteleza tu, kama ya mtu anayempita ombaomba bila kutaka kumsalimia.

Ndivyo alivyokuwa mchana ule, picha ya mkutano wa ukumbini ilipoingia.

Mkutano huo ulimgusa kuliko alivyopenda. Uwanja wa mafundi wa kuchomelea, ule ulio nyuma ya reli, ulikuwa umepewa mwekezaji, na mafundi walikuwa wameitwa kuja kuambiwa jambo ambalo lilikwisha amuliwa. Mdogo wake alikuwa mmoja wao. Mtaa mzima ulimwita Cheche, kwa kazi yake na kwa mdomo wake.

"Kaka, leo tunakuja kwenu," Cheche alikuwa amemwambia asubuhi, akivuta zipu ya ovaroli.

"Mtaishia getini."

"Tutaingia. Na wewe utupige picha nzuri."

"Mimi sipigi. Nasafisha."

"Basi mimi usinisafishe. Nimeoga."

Mama yao alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Yeye ndiye aliyelishona lile ovaroli la buluu, mkono wa kushoto wa nguo hiyo ulipoungua; aliutoa wote, akaweka mwingine wa kitambaa cha njano, kwa kuwa ndicho kilichokuwepo.

"Angalau vaa shati," Fundi Picha alisema.

"Shati la nini? Kwani naenda kuposa?"

Hayo yalikuwa ya asubuhi. Mchana, Mkuu wa Habari hakupiga simu. Alishuka mwenyewe mpaka stoo, akasimama nyuma ya kiti, na marashi yake yakakijaza chumba.

"Ile ya ukumbini. Kushoto pana vurugu. Kata mpaka kwenye nguzo."

Hakuwa na kawaida ya kuonyesha mahali pa kukata. Fundi Picha hakuliwaza hilo. Alivuta mstari kutoka kushoto, akaufikisha kwenye nguzo, na mfumo ukamuuliza, kama unavyouliza kila mara, mabadiliko yatumike kwenye saizi zote za picha, kwenye ile ndogo ya ukurasa wa mbele peke yake, au kwenye zote isipokuwa ndogo. Akachagua zote isipokuwa ndogo. Aliwahi kukata zote siku za nyuma, na katika ile picha ndogo ya ukurasa wa mbele Mkurugenzi akatokea hana paji la uso. Alisimamishwa kikaoni kwa ajili ya paji hilo, watu wakatazama viatu vyake. Tangu siku hiyo kidole chake kiliiruka ndogo chenyewe. Nani huitazama? Ilikuwa na ukubwa wa stempu.

"Umemaliza?"

"Tayari, Mkuu."

"Ahsante, mdogo wangu."

Usiku ule Cheche hakurudi.

Yeye na Mama walianza kwa mafundi wenzake, wakaenda hospitali, wakaenda na kule ambako mtu huonyeshwa droo moja baada ya nyingine. Hakuwepo. Wenzake walisema waliingia naye ukumbini, kisha wakasema huenda waliingia naye, kisha wakasema walikuwa wakitazama mbele. Mmoja alijificha chooni mpaka Mama alipoondoka.

Kituoni, askari wa kaunta aliwasikiliza huku akijichokonoa meno.

"Mama, huyo kijana hakufika mkutanoni. Halmashauri wameshatujibu."

"Alifika. Ana mkono wa njano, nimeushona mimi."

"Nani alimwona?"

Mama alimtazama mwanawe mkubwa. Mwanawe mkubwa alitazama kaunta.

"Leteni hata picha moja inayomwonyesha mle ndani, nitafungua jalada leo hii," askari alisema. "Bila hivyo nitafute nini? Upepo?" Kisha akakiona kitambulisho kilichoning'inia kifuani kwa Fundi Picha. "Kumbe bwana ni wa hukohuko. Sasa unaniuliza mimi?"

Kesho yake kazini aliifungua picha ya ukumbini. Mkurugenzi, mwekezaji, meza yenye maua ya plastiki, nguzo. Baada ya nguzo, basi. Chini ya picha palikuwa na kitufe cha kurudisha picha ya awali, kwa maana mfumo ule haukutupa kitu. Ulichokikata ulikificha tu. Mkono wake ulikwenda mpaka pale, ukarudi mapajani. Jioni alimwambia Mama kwamba ametafuta na hakuna kitu. Hakuwa ametafuta. Mtu hatafuti anachoogopa kukipata.

Mama hakubishana naye. Alichukua simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka aliyonunuliwa na Cheche, akaanza kutafuta mwenyewe.

"Hebu njoo," alimwita siku iliyofuata, kabla hajavua viatu. "Njoo uone."

Ulikuwa ukurasa wa mbele wa halmashauri, na picha ndogo ya mkutano. Kushoto kabisa, upande wa pili wa nguzo, palikuwa na kitone cha njano.

"Hilo pazia, Mama."

"Pazia nimelishona lini? Huo mkono wangu." Akakigusa kitone kwa ncha ya kidole. Picha kubwa ikafunguka: Mkurugenzi, mwekezaji, maua, nguzo. "Unaona? Nikimgusa anaondoka. Nikirudi nyuma, huyu hapa tena. Nimeshinda nikifanya hivi. Ni nini hii, mwanangu?"

"Ni mtandao tu."

"Mtandao ndio unaochagua mtu?"

Akainama kuvua viatu.

"Nampelekea yule askari," Mama alisema.

"Atakwambia ni kitone."

"Basi wewe mkuze. Si ndiyo kazi yako unayotuambia kila siku?"

Asubuhi alitoka mapema. Kwenye ngazi za ofisi alikaa mlinzi wa Mkurugenzi, jitu la mabega mapana, ambalo wafanyakazi waliliita Mjomba kwa sababu lilijua kugawa pipi. Kwa kawaida lilimwitikia kwa kidevu tu.

"Karibu, Fundi," lilisema safari hii. "Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie asitembee sana juani. Wazee hao."

Fundi Picha aliingia stoo, akafunga mlango, akafungua picha. Hakuupa mkono nafasi ya kurudi. Akabonyeza.

Picha ilipanuka kuelekea kushoto, polepole, kama mlango unaosukumwa na mtu asiye na haraka. Baada ya nguzo palikuwa na mlango mdogo wa nyuma, umeachwa wazi. Mbele yake alikuwa Cheche. Hakuitazama kamera. Alikuwa amegeuka, kinywa wazi, anaita mtu aliyekaa kwenye viti, na mkono wa njano ulikuwa juu, umenyooshwa kuelekea viti. Chini kidogo ya kiwiko ulikuwa umeshikwa. Aliyeushika alikuwa Mjomba, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, kama wa mtu anayemsaidia mgeni kuvuka barabara. Viti vya jirani vilijaa mafundi. Wote walikuwa wakitazama mbele.

"Naona umefungua kazi ya zamani."

Mkuu wa Habari hakuwa amegonga. Alivuta kiti, akaketi, akavaa miwani.

"Mfumo huniletea taarifa ukiguswa," alisema. "Unamwona nani hapo?"

"Mdogo wangu."

Feni ilizunguka. Mkuu aliifuta miwani kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Mimi simwoni mtu," alisema. "Naona picha iliyokatwa, na naona jina la aliyekata. Mfumo hauandiki nani aliagiza, unalijua hilo. Unaandika nani alibonyeza. Ikifika kwa askari, kitu cha kwanza watakachouliza ni kwa nini kaka mtu alimtoa mdogo wake kwenye picha siku ileile aliyopotea. Una jibu la kumpa mama yako?"

"Yuko wapi?"

"Kata tena. Na ile ndogo safari hii. Halafu ifute ya awali, isibaki mahali."

"Mkuu, nauliza yuko wapi."

"Nimekusikia." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mkataba wako uko mezani kwangu, nitautia saini leo, na safari hii uwe mrefu, upumue. Jioni Mjomba atakupeleka nyumbani. Anasema anapajua."

Hakuondoka. Alikaa palepale, mikono juu ya pochi, kama mzazi anayemngoja mtoto amalize uji.

Fundi Picha alivuta mstari kutoka kushoto. Mlango mdogo ukaenda. Mjomba akaenda, mgongo wa Cheche ukaenda, na kinywa kile kilichokuwa kikiita. Mkono wa njano ulichelewa kwa kuwa ulikuwa umenyooshwa. Ulibaki peke yake kwenye ukingo wa picha, unashika hewa, na yeye akauvuta mstari tena kidogo, kama alivyofanya kwa kiwiko cha yule mwanamke. Mfumo ukamuuliza. Akachagua zote, kisha akaifuta ile ya awali.

"Ahsante," Mkuu alisema.

Gari alilikataa. Alitembea, na gari likaja nyuma yake taratibu mpaka mwanzo wa kichochoro chao, likasimama pale bila kuzima injini.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Mama alikuwa ameketi kizingitini, simu mapajani, na kidole gumba chake kilikuwa kikigonga kioo kila baada ya muda mfupi, hivi, hivi, kama anayembembeleza mtoto.

"Nimekwenda kituoni, yule askari ametoka, nimeambiwa nirudi kesho," alisema bila kuinua kichwa. "Mtoto wa jirani kaniambia nisiufunge ukurasa wala nisiache simu izimike. Ati ikizimika, ikiwaka ukurasa unajivuta upya. Nikaogopa. Tangu adhuhuri sijanyanyuka hapa, hata maji sijanywa. Yupo bado, tazama."

Alitazama. Kule kwenye tovuti, picha yenye Cheche haikuwepo tena, ndogo wala kubwa. Ilikuwa imebaki hapa tu, kwenye kioo kilichopasuka, kwa kuwa simu ilikuwa haijapata habari. Nguzo, na kitone cha njano. Kwenye kona ya juu alama ya betri ilikuwa imeshakuwa nyekundu.

"Chukua," Mama alisema, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Mkuze, aonekane. Wewe ndiye unayejua."

Kweli alijua. Ubavuni mwa simu kulikuwa na vitufe viwili ambavyo vikibonyezwa pamoja vingeinasa picha ile kama ilivyo, ikabaki, ikapelekwa kaunta kesho asubuhi, na kule kaunta wangeuliza nani aliyekata kubwa. Kidole gumba kilikuwa juu ya kimoja. Cha shahada kilikuwa juu ya kingine. Kichochoroni mlango wa gari ulifunguliwa, ukafungwa, na nyayo zikaanza kuja, bila haraka.

"Nani huyo?" Mama aliuliza.

Mwanga wa kioo ukaanza kufifia.

"Gusa, gusa kisilale," Mama alisema, akimsogelea. "Lakini taratibu. Gusa pembeni tu, mwanangu. Usimguse yeye."

Fundi Picha akatazama pembeni mwa picha. Ndipo hasa alipokuwa amesimama mdogo wake.