Tawi Lililokatwa Aprili

Katika vilima vyetu vya Texas, mwaloni haupogolewi kuanzia Februari hadi Juni. Miezi hiyo kuvu hukomaa chini ya magome ya miti iliyokwisha kuugua, na mbawakawa wadogo huisambaza wakifuata harufu ya utomvu mbichi. Anayetaka kukata hungoja joto kali la Julai au baridi kali ya Januari, na hata hapo hupaka kidonda rangi papo hapo. Hilmar Behrends alirudia somo hili kanisani, dukani na kwenye meza ya domino, hadi watu wakambatiza Askofu wa Mialoni.

Machi ile saratani ya Hilmar ilikuwa imeingia mifupani. Mkewe, Alvera, alikihamishia kitanda chake sebuleni, mbele ya dirisha, ili auone mwaloni mkubwa ambao babu yake aliukuta umesimama. Daktari alimpa wiki chache. Shida ilikuwa tawi moja lililolala juu ya bati. Kila upepo ulipovuma lilikwaruza, naye hakupata usingizi.

"Nilikate?" Alvera aliuliza.

"Aprili hii? Mama, unataka nivuliwe uaskofu?" Alicheka, kicheko kikamtonesha. "Liache mpaka Julai."

Alvera alijua kwamba Julai hataiona. Asubuhi moja, nesi alipokuwa akimwogesha mgonjwa, alipanda ngazi na msumeno akalikata. Aliposhuka akafungua kopo la rangi. Rangi ilikuwa imekauka kama jiwe. Aliendesha gari hadi mjini kununua nyingine, akarudi, akapaka kidonda chote kwa uangalifu.

Hilmar alikuwa ameusikia msumeno. "Umepaka?"

"Nimepaka."

Usiku ule Hilmar alilala hadi kulipokucha, na usiku uliofuata vilevile. Akaanza kula tena, soseji ya kulungu na viazi. Wiki za daktari zikapita. Nesi alisema huenda ni usingizi uliomwongezea siku. Hakuna awezaye kulipima jambo hilo.

Julai ikafika, na Hilmar akaiona.

Mwezi huohuo Alvera aliokota jani chini ya mti. Mishipa yake ilikuwa imegeuka rangi ya hudhurungi, huku nyama ya jani ikiwa bado kijani. Alikuwa ameonyeshwa jani la namna hiyo mara nyingi na mumewe, kwa hiyo hakuhitaji kumuuliza mtu. Tangu siku hiyo alifagia uani kabla Hilmar hajaamka, na mchana aliteremsha pazia kwa kisingizio cha jua.

Delbert Lehne, jirani yao, alimkuta na ufagio. Mialoni yake ilianzia ng'ambo ya ua wa waya, na mizizi ya mialoni huungana chini ya ardhi. Ugonjwa hupita humo. Dawa ni kuchimba mtaro mrefu wa kuikata mizizi kabla kuvu haijavuka. Mti uliobaki upande wa ugonjwa huachwa ufe.

"Mtaro upite hapa," Delbert alisema, akionyesha nafasi kati ya ua na dirisha la sebule. "Mtambo ninaweza kuukodi hata kesho."

"Atauona, Delbert. Atauliza unachimba nini."

"Sasa tufanyeje, Alvera?"

"Subiri kidogo."

Delbert alitazama miti yake, kisha akatazama dirisha. "Daktari anasemaje?" aliuliza, na mara akainamisha kichwa. "Nisamehe. Sikukusudia hivyo. Nitasubiri."

Alikuja kucheza domino kama kawaida. Hilmar alimfunga, akamkejeli: "Wewe bwana unacheza kama umefiwa!" Delbert akasema ni joto.

Agosti ilipoingia, kilele cha mti kilibaki mifupa. Alfajiri moja Alvera alifagia majani mengi kuliko ya juma zima. Aliweka ufagio ukutani, akaingia ndani, akapandisha pazia.

Hilmar aliutazama mti hadi kileleni.

"Rangi ulipaka saa ileile?"

"Hapana. Kopo lilikuwa limekauka. Nilikwenda mjini kwanza."

"Lile tawi la juu ya bati."

"Ndiyo. Hukuwa unalala, Hilmar."

"Delbert anajua?"

"Anajua."

"Na mtaro hajachimba? Ana wazimu? Anasubiri nini?"

Alvera alinyoosha shuka ya kitanda. Hilmar alimtazama, kisha akautazama mti, na uso wake ukatulia polepole kama wa mtu aliyekamilisha hesabu.

"Aha," alisema. "Mpigie simu. Mwambie mtambo uje leo. Ukishindikana leo, kesho asubuhi."

Mtambo ulikuja kesho yake. Ulipoanza kula ardhi, vikombe vilitetemeka kabatini.

"Kigeuze kitanda," Hilmar alisema.

Alvera alitoa breki za magurudumu, akakizungusha hadi dirisha likawa kisogoni mwa mumewe. Mbele yake palibaki ukuta mtupu. Alvera akavuta kiti, akakaa hapo ukutani, mahali ambapo macho ya Hilmar yangemwona.

Hilmar akayafumba. Hakuwa amelala, Alvera aliujua usingizi wake.