Gemu ya Jini pale Makorongo

Wewe unayesoma hapa, uligeuza uso. Usinitolee macho, nilikuona. Walipokuja kupima kiwanja cha Makorongo kwa kamba na vigingi ulikuwa unapita na mfuko wako wa nyanya, ukaona vizuri kabisa, kisha ukainamia simu kama mtu aliyeitwa. Hukuitwa na mtu. Watoto wakafukuzwa na mpira wao wa makaratasi, ukasema moyoni, mimi mwanangu kashakua. Basi kaa kitako nikusimulie ya Hiza Shemdoe, maana naye aligeuza uso, ila yeye aliugeuzia usingizini.

Ni mchana, jua la Tanga limekaa juu ya mabati halitaki kuteremka. Hiza amemaliza ugali na dagaa na hajui kama vilikuwa na chumvi. Dada yake Mwantumu amesimama mlangoni, kanga kaifunga kiunoni kifundo cha ugomvi, anamwambia, Hiza, baada ya alasiri katapila linakuja Makorongo, sisi tunakwenda kusimama mbele yake, utakuja? Nitakuja, dada. Nitakuja ya kweli, au ile uliyoniambia siku ya posa ya ndugu yetu Mbwana tukakungoja mpaka pilau likapoa? Nitakuja, nimesema, niache nijinyooshe mgongo. Jinyooshe, anasema Mwantumu, lakini ujue tajiri anayekitaka kiwanja anaapa kwamba pale palikuwa pori, hapakuwahi kuwa na mtoto wala banda, na waliobaki wa kumwambia unasema uongo hawajazi benchi moja, na wewe ni mmoja wao. Anaondoka, ndara zake zinalalamika njia nzima. Hiza anajilaza kwenye mkeka. Anajaribu kukasirika na hasira haiji, anajaribu kuogopa na hofu haiji. Moyo wake umekaliwa miaka mingi kama mguu uliokunjwa mkekani, ukiubonyeza ni wako, ukiuuliza hauna habari. Juu mabati yanajinyoosha kwa joto, tik, tik, na kati ya tik moja na nyingine anasikia sauti anayoijua kuliko jina la babu yake, sauti ya sarafu ya dala ikiteremka tumboni mwa mashine, na mlango wa chumba si mlango tena, ni pazia la shanga za plastiki, na Hiza yuko wima, anazipasua shanga kwa mabega, anaingia kwa Bi Salme.

Bi Salme Gemu, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, mjane aliyeweka banda lake la mashine za gemu pembeni ya kiwanja cha Makorongo, masanduku ya mbao marefu yenye kioo usoni, stiki moja na vitufe vilivyolika kwa vidole vya watoto. Mnatoka mpirani na vumbi mpaka kwenye kope, mnaingia, na yeye kutoka kwenye kigoda chake anapiga kelele, anayenikanyagia sakafu leo namchezesha na bakora! Usiye na sarafu unasimama nyuma ya mwenye nayo, kazi yako kushangilia. Yote yapo, harufu ya kapeti bovu na sambusa baridi, ule mwanga wa bluu unaofanya meno ya kila mtu yaonekane ya maiti. Hiza anayaona yote na kifua chake kimya. Kitu kimoja tu hakipo, ukuta wa nyuma. Sakafu ya banda inaendelea, inakuwa barabara ya saruji laini, mashine zimepangwa huku na huku kama nyumba za mtaa, na barabara haina mwisho, ukiifuata kwa macho inazunguka inarudi inapita tena chini ya miguu yako, na Hiza anatembea, na kutembea hakumchoshi wala hakumfikishi.

Mbele yake kuna mtu anayemwongoza. Amevaa aproni ya Bi Salme, mifuko imejaa dala zinazolia kila hatua, lakini anapogeuka, palipostahili kuwa na uso pana kioo cha mashine iliyozimwa, cheusi, na ndani yake Hiza anajiona yeye mwenyewe, mdogo, yuko mbali. Kitendawili, anasema yule mtu. Mdomo wa Hiza unajibu wenyewe, tega. Nakimbia kutwa sitoki jasho, naanguka sivunjiki, nakufa nikaamshwa kwa sarafu. Jibu Hiza analijua, mtoto yeyote wa Makorongo analijua, ni staring wa gemu, yule shujaa anayechezeshwa, lakini kufungua mdomo kwa ajili ya jibu ni kazi nzito, na kushindwa ni kwepesi. Nimeshindwa, anasema. Basi nipe mji. Nawe unaijua sheria, umekua nayo, aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, na mtegaji huenda huko akala akalala akarudi kusimulia. Chukua Pangani, anasema Hiza, kama tulivyokuwa tukisema utotoni, miji yote ilikuwa yetu na hakuna ulioondoka. Nimekwenda Pangani, anasema asiye na uso, nimekula madafu yake, nimelalia vitanda vyake, na nimesahau kuirudisha. Na kweli, kwenye mashine ya kushoto kioo kinawaka, ndani yake kuna Pangani yote, imegeuzwa kama nguo iliyovaliwa ndani nje, vibao vya maduka vinasomeka kinyumenyume, watu wanatembea upande mmoja tu na wakifika ukingoni wanatokea upande wa pili. Hiza anatazama kidogo. Kisha anatazama kwingine.

Kitendawili. Tega. Nyumba yangu inahamishwa mchana, na mwenye nyumba anawapisha wabebaji. Hiza anacheka puani, hilo nalo hataki kulifikiria, kuna kitu ndani yake kina miba. Nimeshindwa, chukua Korogwe. Mbona huhangaiki, anauliza asiye na uso, hata bei huulizi? Nihangaike nini, huu ni mchezo tu. Wote husema hivyo, na hakuna aliyewahi kunidanganya, anajibu yule, kisha kioo cha kulia kinawaka na Korogwe imo, na stendi imo, na mama wa machungwa aliyekuwa akimmenyea Hiza chungwa kila safari, kisu kimehamia mkono wa kushoto, amemwona, anagonga kioo kwa ndani, mdomo wake unasema jina na sauti haitoki. Hiza anapita. Usimlaani haraka, wewe mwenye nyanya.

Barabara inajizungusha na mwisho wake unakuja wenyewe, na pale pana mashine moja, na mbele ya mashine pana mgongo ambao Hiza angeutambua katikati ya soko. Kilua. Kilua bingwa wa banda, aliyekuwa akicheza huku anakula muwa, Kilua aliyekwenda machimboni akafukiwa na kifusi na kurudishwa nyumbani shati tupu. Nani huyo ananipumulia shingoni, anasema Kilua bila kugeuka, au ni yule Hiza mkono wa uji? Ni mimi. Umezeeka sauti, mwanangu. Kilua, si ulifukiwa wewe? Nimefukiwa, sasa? Ndiyo nisicheze? Sogea, shika stiki, tulimalize lile jitu la nyundo. Na Hiza anasogea. Lile jitu la hatua ya mwisho hawakuwahi kulishinda utoto wao wote, sarafu ngapi za kununulia mafuta ya taa ziliishia pale, viboko vingapi vya mama. Hiza anashika stiki na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, tangu mwaka, vidole vyake vinapata uvuguvugu. Staring anaruka paa hadi paa, anakwepa, anapiga, mkono wa Hiza unakwenda kushoto naye anakwenda kushoto, hajawahi kucheza hivi, hakosei, hapotezi laifu hata moja. Unaona, anasema Kilua, staring hafi! Nyuma kabisa, kama mtu anayeita kutoka ndani ya mtungi, kuna sauti ya Mwantumu, Hiza we, Hiza, wameshafika, wako na katapila! Usigeuke, anasema Kilua, ukigeuka unakufa. Hiza hageuki. Hapa ni patamu, kule kuna nini, kule kuna jua na watu wanaogombana.

Kitendawili, anasema asiye na uso, sasa yuko karibu sana, dala zake zinanong'ona sikioni. Tega. Usukani mkononi mwangu, chombo kinakwenda, na dereva si mimi. Hiza anaguna, anabonyeza vitufe, jitu la nyundo limeanza kuyumba. Nimeshindwa, chukua Lushoto. Lushoto kuna baridi, siitaki. Mimi siombi makubwa leo, siombi hata mji. Nipe Makorongo tu. Na ulimi wa Hiza umezoea, umekwishatoa miji miwili bila kuumia, unaanza, chukua Mako, na hapo unakwama, kwa sababu kwenye ncha ya jina hilo pamekaa kitu kidogo cha kuchekesha. Anajikumbuka siku ya kwanza kabisa kwa Bi Salme, hana sarafu, ameshika stiki kwa mikono yote miwili, staring anaruka, yeye anaruka naye, anapiga kelele jamani nashinda, mama njoo uone nashinda! Na Kilua kaanguka chini kwa kicheko, muwa umempalia, anasema kwa shida, we mshamba, hiyo ni gemu ya jini! Mashine isiyotiwa sarafu inacheza yenyewe kuita wateja, usiku mchana, na kila mtoto mgeni wa Makorongo alishika stiki ile akadhani yeye ndiye anayecheza.

Kilua, anauliza Hiza, leo nani katia sarafu? Kilua anabonyeza vitufe. Nakuuliza, nani katia sarafu? Cheza, mwanangu, tunakaribia. Hiza anaondoa mkono kwenye stiki. Mkono haukubali upesi, umegandia, anaung'oa kidole baada ya kidole, na staring anaendelea kuruka, anakwepa, anapiga, jitu la nyundo linaanguka lenyewe kwa heshima zote, linainuka, linaanza tena. Utamu wote ule. Miaka yote ile aliyokaa barazani akisema enzi zetu, enzi zetu, watoto wa siku hizi hawajui kitu, na vigingi vinasimikwa nyuma ya kisogo chake. Gemu ya jini, anasema Hiza, jibu lako ni gemu ya jini, na Makorongo sikupi. Kilua, ondoa mkono twende. Ondoa wewe, anasema Kilua polepole, mimi nina pa kwenda? Hiza anamwekea kiganja mgongoni, pana baridi ya kioo, na huo mgongo haugeuki. Asiye na uso anashusha pumzi kama mwenye duka aliyekosa mauzo. Nenda, anasema, lakini huko uendako usiniulize ni upande gani wa kioo, hata mimi nilishasahau.

Hiza anafumbua macho mkekani. Mkono wake wa kulia umekufa ganzi chini ya ubavu na sasa damu inarudi, inachoma kama siafu, na anafurahia kuchomwa. Mabati kimya. Huko nje kuna mngurumo, huenda ni katapila, huenda ni mashine ya kusaga ya jirani, huenda ni ile mashine nyingine bado inamwita. Anatazama mlango na anaapa ulikuwa upande wa dirisha. Anatoka peku. Jirani yake anapita na ndoo mkono wa kushoto, na Hiza hakumbuki, huyu mtu ni wa kushoto siku zote au vipi? Shikamoo, mzee, Makorongo bado ipo? Marahaba, ilikuwepo nilipopita, ila sikutazama sana. Basi Hiza anakimbia, miguu inaungua kwenye lami, hajui ni lami ya upande gani, na jasho linamtoka.

Nawe bado umekaa unanisubiri niseme alifika au hakufika. Sikwambii. Kwenu pia kuna kiwanja, jina lake unalijua, na huko pia yupo anayeapa kwamba palikuwa pori. Funga karatasi hii. Usitafute viatu, usimpigie mtu kuuliza kama naye anakwenda. Inuka, nenda kasimame pale kwenye vigingi, taja kwa sauti majina ya waliocheza hapo, mmoja mmoja, na ukifika mwisho uanze tena. Sasa hivi. Inuka!